Siku Mwalimu Alipotamka L

Baba yangu alikuwa akichaji betri. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya msikiti mjini Kitale, na miaka hiyo ya mwanzo wa elfu mbili kazi haikumpa nafasi ya kukaa. Umeme ulikuwa haujafika vijijini lakini televisheni ilikuwa imeshafika, kwa hiyo watu wa kijiji cha Kwanza, na wengine kutoka mbali kama Suam, walileta betri za magari zikiwa zimefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli. Waliziacha siku mbili, wakazifuata kabla ya mpira wa Jumamosi. Ili zisichanganyike, baba aliandika kwa chaki ubavuni mwa kila betri herufi ya kwanza ya jina la mwenyewe. Kisha alizipanga chini, akaziunganisha kwa waya, nazo zikaanza kuchemka polepole kama uji. Niliijua sauti hiyo kabla sijajua kusoma.

Alinifundisha mambo mawili tu ya kazi yake. Asidi inauma, magadi yanateleza. Ukirukiwa na maji ya betri mahali penye mkwaruzo utajua mara moja, na ukitaka kuyatuliza unamwagia maji ya magadi, yale yanayoteleza katikati ya vidole kama sabuni. Sketi zangu zote za shule ya msingi zilikuwa na matundu madogo madogo ya asidi, na mama alichoka kuyatia viraka.

Nilipomaliza darasa la nane niliitwa shule ya bweni ya wasichana nje kidogo ya mji wa Bungoma. Nilikwenda na sanduku la bati, godoro, na maringo. Maringo yangu yalikuwa ya ulimi. Ukoo wetu ni mchanganyiko wa watu waliokutana njiani, babu huyu alikuja na kazi ya reli, bibi yule alikuja na biashara ya nguo, na kilichotuunganisha ni msikiti na Kiswahili. Kwetu mtoto akikosea ngeli alirekebishwa na mtu yeyote aliyekuwa karibu, hata muuza kahawa. Bungoma nikawakuta wasichana wanaosema "chakura" na "barabala," na nikacheka kwa miaka mitatu mfululizo. Sikuwa mtoto mbaya, ila nilikuwa nimepata kitu kimoja cha kuwashinda wenzangu nacho, na nilikitumia kila siku.

Mwalimu wetu wa kemia alikuwa mwenyeji wa pande zile. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye koti jeupe lililokuwa na vumbi la chaki mifukoni, na hadi leo sijapata kufundishwa na mtu aliyelijua somo lake kama yeye. Vifaa vilikuwa vichache, akawa anavitengeneza. Alivunja mawe ya tochi, zile betri ndogo zilizokufa, akatoa vijiti vyeusi vya kaboni, akavitumbukiza pamoja na kijiko cha bwalo kwenye maji ya bluu ya kopa salfeti, akaviunganisha na betri, na tukaona shaba ikijipaka kwenye kijiko mbele ya macho yetu. Kijiko hicho kilikaa dirishani mwaka mzima kikiwa chekundu nusu. Siku alipotufundisha habari za joto la mmenyuko, alichapa meza kwa kiganja. "Kuvunja kunakura moto," alisema. "Kuunganisha kunatoa moto. Mkishika hiyo tu, mmemariza."

Alikuwa na tatizo lile lile la ulimi. Kila L yake ilikuwa R na kila R yake ilikuwa L. Elektrolisisi kwake ilikuwa "erektlorisisi," na risasi ilikuwa "lisasi." Tuliandika madaftari yetu kwa kukisia, na wengine hawakukisia vizuri. Nina rafiki aliyeandika katika mtihani kwamba kopa ikiungua inageuka "brack," akikusudia black, nyeusi, na akakatwa alama.

Mtu pekee aliyemwelewa bila kukisia alikuwa msaidizi wake wa maabara. Tulimwita Mama Labu. Mwalimu alimwita Mama Rabu. Alikuwa mjane kutoka Naitiri, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira miguuni mvua inyeshe isinyeshe, na alikuja shuleni kama kibarua wa kufagia. Mwalimu aliona jinsi anavyoosha vyombo vya kioo, kwamba havunji na hasahau kipi ni cha nini, akaanza kumfundisha kupima na kuchanganya dawa. Baada ya miaka sita alikuwa akitayarisha solusheni zote za maabara, lakini kwenye karatasi za shule bado alikuwa mfagiaji wa kibarua, wa kuambiwa kesho usije.

Hilo ndilo lililokuwa likimkaa rohoni. Mwaka wetu wa nne bodi ya shule ilikubali kwamba itaandikwa nafasi ya kudumu ya msaidizi wa maabara, na mwalimu akalipeleka jina lake. Bodi ingekaa baada ya mtihani wa moku, ule wa majaribio wa muhula wa pili. Mama Labu alikuwa ameweka barua yake ya maombi, cheti chake cha darasa la nane na barua ya mchungaji wake ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha ameilaza juu ya kabati la dawa, kwenye rafu ambayo hakuna maji yangeweza kuifikia. Kila alipopanguza vumbi aliinyanyua, akapanguza chini yake, akairudisha palepale.

Najua habari za bahasha kwa sababu nilikuwa naingia stoo yake kila siku. Katika shule nzima tulikuwa Waislamu watano, na mahali pa kuswalia hapakuwapo. Kidato cha kwanza aliniona nikihangaika nyuma ya jiko na leso yangu, akaniita. "Kuja huku, hapo ni matope," alisema. Akafagia kona ya stoo, akasogeza mtungi wa gesi, na tangu siku hiyo kona ikawa yangu. Aliniwekea maji ya kutawadhia kwenye kopo, maji safi, na katika shule ile maji safi hayakuwa jambo dogo.

Maji yetu yalitoka mtoni, mekundu kama chai ya maziwa. Kuyasafisha kulikuwa kazi ya mpishi, mpaka muhula mmoja nusu ya bweni ilipougua tumbo, na kazi akapewa Mama Labu. Alipanda kwenye tangi mwenyewe. Alisaga shabu, lile jiwe jeupe la kusafishia maji, akaiyeyusha kwenye ndoo, akaimwaga na kukoroga kwa mti mrefu, kwanza kwa nguvu halafu taratibu sana. Nilimuuliza kwa nini anapunguza mwendo. "Uchafu iko kidogo kidogo sana," aliniambia. "Hiyo shabu inaambia ishikane. Sasa wewe ukikoroga kwa haraka, ikishikana unaitenganisha tena. Unaiacha polepole, inakuwa nzito, inaenda chini yenyewe." Ndipo akatia klorini, kipimo cha kifuniko, akanusa, akaonja, akatema. Mwalimu alikuja kutufundisha mambo hayo hayo kwa majuma mawili na michoro mitatu, na sikuongeza lolote kwenye yale niliyoyasikia chini ya tangi.

Lakini kilichonistaajabisha zaidi ni masikio yake. Mwalimu angekuwa ubaoni, mgongo kwetu, akapaza sauti, "Mama Rabu, reta R!" Naye angetoka stoo na chupa ya L. Hasiti, haulizi. Mwalimu angeipokea bila kuitazama na kuendelea. Akitaka R aliita L, na ililetwa R. Yeye mwenyewe Mama Labu aliteleza hapa na pale, kama wengi wa kwao, lakini herufi alizozisikia kwa mwalimu alizigeuza kichwani haraka kuliko sisi kuzisikia. Darasa zima tulijua, na tulikuwa tukikonyezana.

Sasa nifike kwenye lile la kwangu. Wiki tatu kabla ya moku, saa ya chai, nilisimama mbele ya darasa nikavaa koti la mwalimu alilokuwa ameliacha kitini. Nikachukua chaki. Nikaanza: "Wasichana! Reo tunasoma erektlorisisi ya ire chumvi ya lisasi!" Wasichana walicheka hadi wengine wakalala juu ya madawati. Nikaendelea, nikamwita Mama Rabu alete R, nikajiletea mwenyewe L, nikajishukuru. Nilikuwa hodari wa kuigiza, nakiri, hata mkono wa kuchapa meza niliupata. Kicheko kilipokatika ghafla nikadhani nimekosea mahali. Nikageuka, nikamwona mwalimu amesimama mlangoni na trei ya vyombo.

Aliweka trei mezani, akanyoosha mkono, nikavua koti nikampa. Alilivaa, akasema tufungue ukurasa fulani, akaanza kufundisha. Afadhali angenichapa. Nilikaa nikingoja adhabu hadi jioni na hadi kesho yake, haikuja.

Kilichokuja ni kitu kingine. Siku chache baadaye niliona kwamba kabla ya neno lenye L anasimama kidogo. Ulimi unapanda, unashika nyuma ya meno, unangoja. "E...lek...tro...lisisi," alisema. Alilitamka kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mara ya kwanza wawili watatu walicheka. Mara ya pili hakuna aliyecheka. Nasikia alikuwa akifanya mazoezi ofisini kwa kusoma gazeti kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu. Ilipofika wiki ya moku alikuwa hakosei tena akiwa mtulivu, hasa herufi zikiwa peke yake. Niliona aibu, lakini nitasema kweli, pia niliona fahari kidogo, kana kwamba nimemfundisha.

Mtihani wa vitendo una utaratibu wake. Karatasi ya maelekezo inayosema kila chupa iwe na nini ni siri, inasomwa na mwalimu peke yake na kufungiwa. Msaidizi anachanganya anachoambiwa na kuandika lebo anazoambiwa. Kwa hiyo jioni ya kuamkia mtihani Mama Labu alichanganya asidi kwenye mtungi mmoja na sodiamu haidroksaidi kwenye mwingine, mwalimu akazijaribu mwenyewe kutoka mitungini na kuandika jibu lake, lile ambalo majibu yetu yangelinganishwa nalo. Halafu akamtajia herufi, akaenda zake. Mama Labu akajaza chupa ndogo, mbili kwa kila mtahiniwa, akabandika lebo.

Asubuhi tuliingia. Mbele ya kila mmoja kulikuwa na chupa mbili, L kushoto, R kulia, zimepangwa sawasawa kama meno. Karatasi ilisema L ni asidi hidrokloriki na R ni sodiamu haidroksaidi. Ilitutaka kwanza tuongeze L kwenye R kidogo kidogo na kusoma themometa, tuone joto linapanda mpaka wapi kabla ya kuanza kushuka. Halafu tutie kipande cha magnesiamu ndani ya L, tuandike tunachoona, na kuijaribu gesi kwa kijiti kinachowaka.

Nilikuwa na mkwaruzo wa wembe kidoleni, nilikuwa nimechonga penseli. Nilipomimina L ilinitiririka mkononi. Nikangoja iume. Haikuuma. Nikasugua vidole bila kufikiri, kama nilivyofanya mara elfu kibandani kwa baba, vikateleza. Vilinikumbusha pia ile munyu ya Bungoma, maji ya majivu ya maganda ya maharagwe wanayolainishia mboga. Nikatia kidole kwenye tone la R. Kikauma.

Nilielewa papo hapo kwamba lebo zimebadilishana. Sikuwa na shaka hata kidogo, na nalisema hili kwa sababu baadaye nilijidanganya kwa muda mrefu kwamba nilikuwa na shaka. Mwalimu alikuwa amekaa mbele hatua kumi kutoka kwangu. Kunyoosha mkono kulihitaji sekunde moja. Angekuja, angenusa, angeagiza chupa zibadilishwe lebo, tungeongezewa dakika tano na mambo yangekwisha hapo, bodi isingesikia chochote. Lakini nilitazama kulia na kushoto, nikawaona wenzangu wameinamia bureti zao wakiandika namba zisizo sahihi, na kitu ndani yangu kikasema, wewe peke yako ndiye unayejua. Nilikipenda kile kitu. Nikahamisha chupa zangu, R kushoto, L kulia, nikafanya kazi kwa mpangilio ule mpya, na mkono wangu ukabaki mezani.

Ilipofika magnesiamu nilitazama majirani. Kipande cha metali kilikuwa kimelala chini ya maji ya L kimetulia tuli, hakitoi hata povu moja. Na wasichana wote wakaandika: mapovu yanatoka kwa wingi, gesi isiyo na rangi, kijiti kinazima kwa mlio wa pop. Walikuwa wamekariri kwamba asidi na magnesiamu ni mapovu, basi mapovu wakayaona. Nje, baada ya mtihani, mmoja aliapa mbele yangu. "Mimi yangu ilikuwa inatoa mapovu kidogo tu," alisema, "lakini pop ilikuwa kali, bana!" Mwenzake akamwambia yake ilikuwa karibu imchome nyusi.

Wiki iliyofuata mwalimu aliingia na makaratasi. Hakuketi. Alisema darasa zima limeanguka swali la kwanza, jibu letu liko mbali na lake, isipokuwa mmoja. "Huyo ni bahati yake," alisema, na macho yake yakapita juu yangu bila kusimama. Alikuwa amerudi kwenye mabaki ya chupa akayajaribu, akajua. Akauliza kama kuna yeyote aliyegundua kitu siku ile. Tulinyamaza sote. Mimi nilinyamaza kwa sauti kubwa kuliko wengine.

"Mimi nilimwambia asidi ni L," akasema, zaidi kama anayejiambia mwenyewe. "L. Nilisema vizuri kabisa."

Na kweli, L yake ilikuwa safi. Ilikuwa L ya msikitini Kitale. Hapo ndipo nilipoliona jambo lote kwa mara moja. Miaka sita Mama Labu amekuwa akizigeuza herufi za mwalimu. Akaja mwalimu, kwa ajili ya mzaha wangu wa koti na chaki, akaufanyisha ulimi wake kazi wiki tatu, akazisema sawa. Naye mwenzake wa stoo hakuwa darasani kusikia mazoezi yale, na wiki zile za marudio hakuitwa kuleta chupa yoyote. Alisikia L, akafanya alivyofanya siku zote, akaandika R. Hakuna aliyekosea pale isipokuwa mimi, tena mara mbili, kwanza kwa mdomo, halafu kwa mkono niliougandisha mezani.

Bodi ilikaa Ijumaa. Nilipita nje ya ofisi mara tatu kwa visingizio. Nilikuwa nimepanga maneno ya kusema, nimeyapanga vizuri kwa Kiswahili changu fasaha, na kila nilipofika mlangoni nilikumbuka kwamba nitalazimika kueleza jinsi nilivyopata jibu langu. Ningefutiwa alama, labda na cheo changu cha kiranja. Nikaenda bwaloni nikanywa chai. Baadaye tulisikia kwamba mwalimu alimtetea, na kwamba alipoulizwa Mama Labu mwenyewe kilichotokea alijibu maneno mawili tu: "Nilisikia vibaya." Mwalimu akajaribu kueleza habari za ulimi wake, wakamwambia asijidhalilishe kwa sababu ya kibarua. Nafasi ikatangazwa upya, akaipata kijana mwenye diploma.

Jumatatu nilikwenda stoo kuswali, nikakuta kona imefagiwa na kopo limejaa maji. Mama Labu alikuwa ameshaondoka, na juu ya kabati hapakuwa na bahasha. Palikuwa na alama ya mstatili safi katikati ya vumbi, kwa sababu siku hizo za mwisho hakupanguza.

Muhula wa tatu chai ilinuka dawa. Kijana wa diploma alikuwa akitia klorini kwa kukisia, leo nyingi, kesho hakuna, na shabu aliikoroga kama anasonga ugali. Wali ulitoka na harufu ya hospitali. Wasichana walimlaani mpishi. Nilikula nikanyamaza, nilishakuwa mzoefu.

Kwa kemia nilipata A. Matokeo yalipotoka mwezi wa tatu nilikuwa nyumbani, namsaidia baba kibandani nikisubiri kuitwa chuo. Kitu kimoja nilikuwa nimekifanya na elimu yangu kufikia hapo. Baba alikuwa na desturi ya kuyeyusha risasi za betri zilizokufa kwenye kopo, kando ya jiko la mama, ili amimine ncha mpya. Nilimweleza kwamba moshi ule ni sumu, na unaingia kwenye chakula. Alinitazama, hakubisha, jioni hiyohiyo akalihamisha kopo nyuma kabisa ya uwanja. Nilifurahi kwamba neno langu moja limesikika kwa wakati wake.

Adhuhuri moja baba alikuwa ameingia msikitini, mimi nimebaki peke yangu na betri. Mwanamke akasukuma baiskeli hadi mlangoni. Kabla sijamwona uso niliona viatu vya mpira.

"Ala! Kumbe ni hapa kwenu?" alisema Mama Labu. Alikuwa amekonda kidogo. Akaniambia anakaa Kwanza kwa dada yake, wanalima mahindi, na betri ni ya kuchajia majirani simu. Nilimshusha mzigo, nikamletea kiti, nikampa maji. Aliyanusa kabla ya kunywa, nadhani bila kujua.

"Kemia uligonga ngapi?"

"A, mama."

"Si nilijua," alisema, akafurahi kwa kweli, niliona.

Furaha yake ndiyo iliyonivunja. Nikaanza kusema, na Kiswahili chote kikanikimbia. Nikamwambia siku ile ya moku nilijua. Nikamwambia niligundua dakika ya kwanza, nikabadilisha chupa zangu, nikanyamaza. Nikamwambia na habari za koti, na kwamba mwalimu alijifunza kusema L kwa sababu yangu. Sikumtazama. Nilikuwa nikiitazama betri yake.

Alikunywa maji akayamaliza, akaweka kikombe chini.

"Ya koti nilikuwa sijui," alisema. "Ya chupa nilikuwa najua."

Nikanyanyua macho.

"Si ni mimi nilipanga hizo chupa? L kwa reft, R kwa light. Zote. Nikikuja kutoa jioni, meza yote iko vile niliwacha, yako peke yake imegeuka. Nikasema, huyu msichana wa betri ameshika." Alifunga leso yake upya. "Nikazirudisha kabla mwalimu hajaingia. Wangesema uliiba mtihani."

Betri zilikuwa zikichemka chini, zote kwa pamoja, na msikitini swala haikuwa imekwisha. Nilikuwa na uchungu mkubwa na sikuwa na mahali pa kuuweka.

Akaniokoa kama kawaida yake, kwa kurudi kwenye kazi. "Itakuwa tayari rini?"

"Kesho kutwa, mama."

"Basi andika, isipotee."

Nikachukua chaki, nikachuchumaa mbele ya betri. Hapo ndipo nilipogundua kwamba miaka minne nimeswali katika stoo yake na sikuwahi kuuliza jina lake. Nikamuuliza niandike herufi gani.

"R," alisema.

Chaki yangu ikasimama hewani. Niliisikia vizuri kabisa, R, na sikujua niandike nilichosikia au nigeuze. Yeye kwa mwalimu angejua bila kufikiri. Mimi nilibaki nimechuchumaa, mtoto wa Kitale mwenye ulimi uliokamilika, nikingoja asaidie, mpaka akainama, akanitoa chaki vidoleni, akaandika mwenyewe.